Sura ya Tisa: Msumari Mahali pa Pini

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Inspekta Adelgunda alimtoa mtuhumiwa wake mahabusu, akampandisha nyuma ya gari na pingu zake mkononi, akamwambia dereva aiache Kayanga na kushika njia ya Kihanga.

Koplo Fidele, aliyebanana na mtuhumiwa kwenye kiti cha nyuma, hakuupenda mpango huo na wala hakujisumbua kuficha.

"Afande, huyu tunampeleka kule kufanya nini? Jalada limeshiba. Sababu anayo, nafasi alikuwa nayo, na tumemnasa akitoroka."

"Nampeleka akanifungulie gurudumu."

"Yeye?"

"Wewe unajua kulifungua?"

Koplo akageukia dirishani. Migomba ikapita, na mibuni chini yake, imefunikwa vumbi la Juni.

Yaliyokuwamo kwenye jalada yalikuwa mepesi kueleweka, na wepesi huo ndio uliomkosesha Adelgunda raha. Ijumaa, katika shamba la ng'ombe la Rwamigango, dereva aitwaye Apolinary alikuwa akivuta kwa trekta mashine nzito ya kufyekea nyasi, akikata malisho kwenye mteremko. Gurudumu la kushoto la mashine likachomoka. Ekseli ikachimba ardhi, mashine ikalivuta trekta upande, trekta likabiringika mara mbili. Apolinary alikata roho njiani kuelekea hospitali. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mke mjamzito.

Siku tatu kabla, Jumanne, fundi Cassian ndiye aliyefungua magurudumu mawili ya mashine ile, akayabadilishia beringi na kuyafunga. Na ni Cassian huyohuyo ambaye, miaka miwili nyuma, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, Apolinary alipoiwasha mashine kabla fundi hajautoa mkono. Watu watano walikuwa tayari kuapa kwamba walimsikia sokoni Omurushaka akisema, "Iko siku chuma kitamlipa na yeye." Tena Jumamosi alikamatwa palepale Omurushaka, kituo cha mabasi, begi la vifaa mgongoni, akisubiri gari la Kyerwa. Alidai anakwenda Nkwenda kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa. Simu ya mtu ambaye alidai ndiye aliyemwita haikupatikana hadi leo.

"Ulisema maneno yale ya sokoni?" Adelgunda aliuliza bila kugeuka.

"Niliyasema," Cassian alijibu. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimefunguliwa bandeji. Ningekuwa na maneno makali zaidi ningeyasema pia."

* * *

Meneja wa shamba, Cleophace, aliwapokea mbele ya banda la mashine. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole wa sauti, shati jeupe limenyooshwa. Nyuma yake vijana wanne walikuwa wakisukuma vyuma kwenye pikapu. Adelgunda alikitambua kimoja kati ya vyuma hivyo.

"Hiyo si ekseli ya kushoto ya mashine iliyoua?"

"Ndiyo, Inspekta. Naipeleka kwenye chuma chakavu. Wafanyakazi wakiiona wanalia, kazi haiendi."

"Ishusheni."

"Lakini askari wako walishaipiga picha Ijumaa…"

"Ishusheni, tafadhali."

Ilishushwa. Cleophace alimtazama Cassian kwa jicho la huruma iliyochanganyika na kinyaa. "Na huyu mmemleta? Kule msibani wakisikia amekanyaga hapa, mimi simo."

"Hutakuwemo. Nijibu moja tu. Tangu Jumanne fundi alipoondoka hadi Ijumaa asubuhi, nani aliigusa mashine hii?"

"Hakuna. Ilikaa bandani. Apolinary mwenyewe alikuwa Kyerwa kwa wakwe zake, Jumatano na Alhamisi. Alirudi Ijumaa alfajiri, nikampa kazi kwa sababu mwenye shamba alikuwa anakuja Jumamosi kuona malisho yamekatwa."

"Una uhakika hakuna?"

"Mimi ndiye meneja hapa."

Adelgunda aliandika jibu hilo neno kwa neno. Kisha akamwamuru Koplo amfungue Cassian pingu. Koplo alifanya hivyo taratibu, akabaki amesimama hatua moja tu nyuma ya fundi.

Walianza na gurudumu la kulia, lile lililobaki mahali pake. Cassian alitanguliza mawe mbele na nyuma ya tairi, akaweka jeki, akainua mpaka tairi likaning'inia. Alilizungusha kwa kiganja. Lilizunguka kimya, muda mrefu, kama kitu kisicho na uzito. Alilishika juu na chini akalitikisa. Halikucheza.

"Eleza unachofanya," Adelgunda alisema. "Mimi chuma sikijui."

Cassian akagonga kifuniko cha habu kikatoka, grisi mbichi ya rangi ya asali ikaonekana. "Hii ni habu, ndiyo moyo wa gurudumu. Inazunguka juu ya beringi mbili, moja ya ndani, moja ya nje. Hii nati ndiyo inazishikilia. Unaikaza huku unazungusha gurudumu, mpaka usikie limekuwa zito. Halafu unairudisha kidogo, isifike hata robo. Ukikaza mno, beringi inaungua. Ukiacha imelegea, gurudumu linayumba mpaka linajila lenyewe. Ukishapima, unapitisha pini hapa ili nati isigeuke tena."

Pini ilikuwa ya miguu miwili, imepenya tundu la ekseli. Mguu mmoja umelazwa juu ya ncha ya ekseli, mwingine umekunjwa chini ya nati, yote kwa mapigo ya patasi.

"Wenzangu wanakunja kwa koleo," Cassian alisema. "Mimi koleo siliwezi vizuri siku hizi. Napiga kwa patasi."

Alitoa vyote, akavipanga juu ya gunia safi. Beringi zote mbili zilikuwa mpya, namba zake zinasomeka kama zimechorwa jana.

"Sasa kushoto," Adelgunda alisema.

Hapo Cleophace alitazama saa yake. "Inspekta, utaniwia radhi. Nina wajibu msibani, natakiwa kusema neno kwa niaba ya shamba. Mkihitaji chochote, watu wapo." Aliingia kwenye gari lake na kuondoka, na vumbi lake lilichukua muda kutua.

Habu ya kushoto ilikuwa kwenye gunia la vielelezo, pamoja na nati na beringi mbili zilizookotwa kwenye nyasi. Pini haikupatikana. Kwenye jalada Koplo alikuwa ameandika, kwa mkono wake, kwamba mtuhumiwa hakuiweka kwa makusudi. Adelgunda alipiga magoti mbele ya ekseli iliyokuwa iende kuuzwa, akamulika tundu la pini kwa simu.

"Kuna kitu humu ndani."

Cassian alichukua chuma chembamba, akagonga mara mbili. Kipande kikadondoka kwenye kiganja cha Inspekta. Kilikuwa na urefu wa kucha, kimekatika pande zote mbili, kina kutu.

"Msumari," Cassian alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huu ni msumari wa mbao. Kwa unene wake, wa inchi tatu."

"Basi uliweka msumari!" Koplo alidaka.

"Kopo la pini lile pale rafuni, limejaa. Kwa nini niweke pini kulia na msumari kushoto?"

"Ili ukatike. Ili umuue, na ukiulizwa useme hivyo hivyo unavyosema sasa."

Jibu hilo halikuwa la kijinga, na Adelgunda hakulidharau. Alizitoa beringi mbili za kushoto, akaziweka sambamba juu ya gunia. Ya ndani iling'aa, na grisi ya rangi ya asali ilikuwa ingali imeishika. Ya nje ilikuwa nyeusi, imeingia ubuluu kama chuma kilichotoka motoni, vigololi vyake vimemong'onyoka. Grisi yake ilikuwa imekauka kama masizi ya chungu.

"Hii siyo niliyoweka," Cassian alisema. "Hii ni ya zamani. Niliitoa Jumanne nikaitupa kwenye lile debe la vyuma vibovu."

"Ipi inatoka kwanza ukifungua, ya nje au ya ndani?"

"Ya nje. Huwezi kufika chumbani bila kupita sebuleni."

"Kwa hiyo aliyeweka mpya ya ndani alikuwa ameshaitoa ya nje."

"Na akairudisha ya zamani kwa hila," Koplo alisema, lakini safari hii polepole.

"Inawezekana. Sasa nieleze ilivyochomoka."

Cassian aliinua mikono, akaonyesha hewani. "Beringi mbovu ikipata moto inaganda. Inang'ang'ania habu, inazunguka nayo, inaisukuma nati. Upande wa kulia ingeikaza. Upande wa kushoto, mashine ikienda mbele, inaifungua. Pini ya kweli ingeweza kuizuia, angalau mpaka dereva asikie kelele. Msumari, hapana."

Adelgunda alisimama, akajikung'uta magoti. Beringi nne mpya zilitoka stoo Jumanne. Kitabu cha stoo kilikuwa na sahihi. Mbili kulia, moja kushoto. Ilibaki moja, na chuma hakiyeyuki.

"Hapa shambani, ni chombo gani kingine kina ekseli kama hii?"

Fundi hakuhitaji kufikiri. "Tela la maji. Liliundwa na karakana moja na mashine hii."

Tela lilikuwa limeegeshwa karibu na zizi. Mchungaji mmoja mzee, Rwezaura, alikuwa akichota maji ya mwisho tankini kwa ajili ya ndama. Adelgunda alimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, waitu," mzee alijibu, kwa neno la heshima la kwao.

"Tela hili lina hali gani?"

"Sasa zima. Jumatano ndiyo lilitutesa. Liliharibikia kule bondeni asubuhi, gurudumu linalia kama nguruwe. Pampu ya shamba imekufa tangu Mei, tela likikosa kwenda mtoni hakuna tone. Ndama wawili walianguka kwa kiu. Walilia kutwa, mama, unaziba masikio. Jioni maji yakaja. Tukamshukuru Mungu."

"Nani alilitengeneza?"

Mzee alishangaa swali. "Dereva wake. Yustus. Mdogo wake marehemu."

Cassian alirudi bandani akaleta jeki. Habu ya kwanza ya tela ilikuwa na vitu vikuukuu, kama ilivyotarajiwa. Ya pili ilipofunguliwa, beringi ya nje ilitoka mpya, namba zake zinasomeka. Pini iliyoifunga ilikuwa na mikunjo miwili kwenye kila mguu: mmoja wa zamani wa patasi, ulionyooshwa, na mwingine mpya wa koleo.

Koplo Fidele aliishika pini hiyo kwenye mwanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa daftari lake mwenyewe mfukoni na kurudi nyuma kurasa kadhaa.

"Jumatano kutwa huyu alikuwa Kayanga, akifunga pampu shuleni. Mwalimu mkuu alithibitisha. Niliandika mimi." Alifunga daftari. "Nililiandika na sikuliona lina maana yoyote, Afande."

"Sasa linayo," Adelgunda alisema.

* * *

Nyumba ya msiba ilikuwa ndani ya migomba, mwendo mfupi kutoka barabarani. Adelgunda aliliacha gari mbali, Cassian na dereva ndani yake, akaingia na Koplo kwa miguu. Uani lilitandwa turubai, na chini yake wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kikapu kidogo cha buni za kutafuna kikipita kutoka mkono hadi mkono. Cleophace alikuwa amesimama mbele yao, mikono ameikunja kifuani.

"…tulimpenda kama mtoto wetu. Sheria itachukua mkondo wake kwa yule mwenye roho mbaya…"

Yustus hakuwa kwenye mabenchi. Walimkuta nyuma ya jiko, anapasua kuni. Zilizopasuliwa zilikuwa rundo la kutosha misiba mitatu, na bado alikuwa anapasua. Aliwaona, akaliweka shoka chini.

"Pole sana, Yustus," Adelgunda alisema.

"Asante, Afande."

Hakumzungusha. Alifungua kiganja, akamwonyesha kipande cha msumari.

Kijana alikitazama. Alikaa juu ya gogo. Akasema, "Nilidhani mtakuja Jumamosi. Mlivyomkamata Cassian nikasema, kesho watakuja. Nikasema hivyo na jana tukiwa kaburini."

"Niambie ilivyokuwa."

"Ndama walikuwa wanakufa. Beringi ya tela ilipasuka, pini ikakatika. Fundi hayupo, duka la karibu lenye saizi ile liko Bukoba. Nikatoa ya mashine ya nyasi, ya nje tu, na pini yake. Mashine ilikuwa imeziba mlango wa banda, tela tulilolikokota kutoka bondeni haliwezi kuingia, ilikuwa lazima tuisukume nje kidogo na kuirudisha. Ndiyo nikaokota ile kuukuu debeni, nikaishikiza na msumari. Hatua ishirini tu, Afande. Nilikuwa natafuta hatua ishirini."

"Kopo la pini lilikuwa rafuni."

"Sikuliona. Naliona sasa kila nikifumba macho."

"Na kaka yako hukumwambia?"

"Alikuwa Kyerwa kwa wakwe, simu yake haina chaji. Aliporudi Ijumaa alfajiri mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenda mtoni. Na mashine haikuwa itoke!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Haikuwa itoke. Nilimwambia meneja."

Koplo alisogea. "Ulimwambia kwa mdomo? Nani alisikia?"

Yustus alitoa simu mfukoni, ya vitufe, kioo kimepasuka. Alitafuta, akampa Inspekta. Ujumbe ulikuwa wa Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana: *Bosi beringi ya tela imekufa ndama hawana maji. Natoa ya mashine ya nyasi kushoto. Mashine isitoke mpaka fundi aweke nyingine.*

Chini yake jibu lilikuwa neno moja: *Sawa.*

"Kwa nini ulinyamaza?" Adelgunda aliuliza.

"Jumamosi alinifuata hapahapa. Akasema ukifungua mdomo, wewe ndiye uliyemuua ndugu yako, mama yako atakufa kwa presha. Ukinyamaza, Cassian alikuwa anamchukia na kila mtu anajua. Akataka nifute ujumbe. Nikamwambia nimeshafuta." Alijifuta uso kwa mkono mchafu. "Afande, sikuweza kuufuta. Nao kuusema sikuweza."

"Ungeweza," sauti ilisema nyuma yao.

Mama yao, Deodatha, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kanga imefungwa kiunoni kwa msiba. Haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Yustus aliinuka. Mama alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia Inspekta.

"Huyo fundi mliyemfunga. Ana mama?"

"Anaye. Yuko Omurushaka."

"Amelala siku ngapi huko?"

"Mbili, mama."

Deodatha alitikisa kichwa polepole. "Basi mpelekeni kwa mama yake. Na huyu wangu mchukueni, akayaseme huko anakotakiwa kuyasema. Nimezika mmoja jana. Huyu nitakuja kumtazama akiwa hai."

Yustus alipiga magoti, akaishika miguu ya mama yake. Mama hakumwondoa, na hakumgusa kichwa. Baadaye kidogo akamgusa.

Adelgunda alitembea kwenda uani. Cleophace alikuwa amemaliza hotuba yake na kukaa. Mtu alikuwa amempa kikapu cha buni. Alipomwona Inspekta akijongea na simu yenye kioo kilichopasuka mkononi, alisimama haraka na kumpisha kiti, kama mwungwana.

"Karibu ukae, Inspekta."

"Asante, nitasimama. Asubuhi uliniambia hakuna aliyeigusa mashine."

"Ndivyo nijuavyo."

Alimsomea ujumbe, kwa sauti ya kawaida, wala hakuipandisha. Kisha akasoma na jibu. Mabenchi yalinyamaza moja baada ya jingine. Mtu wa mwisho kunyamaza alikuwa mjomba wa marehemu, aliyekuwa kiziwi kidogo na alilazimika kuuliza jirani yake kumesemwa nini.

"Nilikuwa na mambo mengi siku ile," Cleophace alisema. "Mwenye shamba anakuja. Ujumbe ni mwingi, mtu unajibu tu. Nilisahau. Wallahi Inspekta, kusahau si kuua."

"Ijumaa inawezekana ulisahau. Jumamosi ulipokuja hapa kumwambia afute, ulikuwa umekumbuka."

Koplo Fidele alimshika meneja mkono juu ya kiwiko, na alipomwongoza kupita katikati ya mabenchi hakuna aliyeinua mguu kumpisha, ikabidi airuke miguu yao.

Cassian alikuwa amekaa kwenye ukingo wa gari, mlango wazi. Aliona kwanza meneja, kisha Yustus akifuata bila pingu, na akaelewa kabla hajaambiwa. Hakufurahi. Alijishika kichwa.

"Yustus," alisema. "Ee Mungu wangu. Yustus."

"Uko huru," Adelgunda alimwambia. "Tutapita Kayanga utie sahihi, upewe vitu vyako."

"Kabla ya Kayanga, Afande." Alitazama moshi uliokuwa ukipanda juu ya migomba. "Naweza kuingia mle?"

"Kufanya nini? Nusu ya watu wale tangu Jumamosi wanalitukana jina lako."

"Kuhani. Mtu nimegombana naye miaka miwili, akafa, mkaniweka ndani kabla sijamlilia. Sijampa pole mama yake."

Adelgunda alikuwa bado hajajibu pale Deodatha alipotokea kwenye njia, sweta la Yustus begani, kwa kuwa usiku wa Kayanga una baridi. Alimkabidhi mwanawe sweta hilo. Ndipo akamwona mtu aliyesimama kando ya gari, na Cassian akavua kofia.

"Shikamoo mama. Pole kwa msiba."

Mama alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta uso wa mtu mwingine ndani ya uso ule. Chini ya turubai watu walikuwa wamesimama wakiangalia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Ndizi zimeiva. Twende uketi."

Alitangulia, na fundi akamfuata. Adelgunda alimwambia dereva azime injini.